Kliniki ya wanyama ya Uthiru: walivyomtafutia mbwa wangu Malkia ugonjwa hadi ukapatikana

Kama unakaa upande wetu huu wa Nairobi, kuanzia Kawangware na Riruta hadi Waithaka, Uthiru na Kinoo, na una mbwa anayeumwa ugonjwa ambao kila mtu anaupa jina lake, mpeleke kwenye kliniki ndogo ya wanyama iliyoko Uthiru, ghorofa ya chini, mkabala na wauza mabati. Daktari ameniomba nisiandike jina lake wala la kliniki, kwa sababu yuko na msaidizi mmoja tu na Jumamosi foleni tayari inafika nje. Nimemheshimu. Ukifika, ulizia daktari wa mbwa, utaonyeshwa.

Sifa ninayompa ni moja, na kwangu inatosha: hatibu asichokijua. Anatafuta kwanza. Anakwambia wazi kwamba pesa unayolipa leo ni ya kutafuta, na huenda tukatafuta na tukakosa, na hapo tutatafuta kwingine. Baada ya yale niliyopitia kabla yake, maneno hayo yalinipa nguvu kuliko sindano yoyote.

Mimi ni fundi wa cherehani. Wateja wangu wakubwa ni wachinjaji na wachuuzi wa nyama wa Dagoretti, nawashonea makoti meupe na aproni. Kila nikipeleka mzigo nilikuwa nikimwona mbwa jike wa kienyeji, rangi ya asali, amelala nyuma ya vibanda. Alikuwa na waya shingoni. Bila shaka kuna aliyemfunga akiwa mdogo, mbwa akakua, waya ukabaki vilevile. Ulikuwa umezama kwenye ngozi mpaka manyoya yakaufunika upande wa juu, na upande wa chini palikuwa na kidonda kinachonuka ukiwa bado mbali. Kijana mmoja wa mkokoteni alinisaidia kumshika kwa gunia. Waya ukakatwa, kidonda kikaoshwa kila siku kwa maji ya chumvi, kikafunga. Nikamwita Malkia, na makao yake yakawa chini ya meza yangu ya kupigia pasi.

Kilichonitisha kilianza shingo ikiwa imeshapona. Malkia anakula kwa pupa, ndivyo alivyo mbwa aliyewahi kulala njaa. Dakika chache baadaye anasimama, anainamisha kichwa, na chakula chote kinashuka sakafuni. Hakuna kelele. Tumbo halikazi. Hata mwenyewe anaonekana kushangaa. Unaukuta ule ugali na omena vilevile ulivyompa, umeviringika mrefu mwembamba kama soseji, umefungwa na ute mweupe wenye povu. Kisha anageuka anataka kuula tena. Siku nyingine anakula na hakirudi kitu, nawe unajiambia basi, yamekwisha. Jioni yake kinarudi mara mbili.

Akaanza kukonda. Mbwa aliyekuwa ameanza kujaza mwili, mbavu zikarudi kuonekana, na mfupa wa nyonga ukachomoza. Nikawa nashona huku sikio liko chini ya meza, nasikiliza anavyomeza mate. Alikuwa akimeza mate mara kwa mara hata bila kula chochote, na usiku sauti ile ilikuwa inaniamsha. Niliwaza mengi. Nililowaza zaidi ni ule waya: kwamba ulikuwa umemharibu koo kwa ndani, na kwamba nilimtoa Dagoretti ili aje afe polepole kwangu.

Mtu wa kwanza kuja kumtibu alikuja kwa pikipiki, na sanduku la dawa limefungwa nyuma. Simtaji, na sina hakika hata kama ana leseni. Hakumgusa tumbo, hakumpima joto, hakuuliza anakula nini. Alimdunga sindano mbili, moja akasema ni ya nguvu na nyingine ni ya maambukizi, akapokea pesa yake kwa M-Pesa na kuondoka injini haijapoa. Alipoitwa tena akadunga zilezile. Kwenye duka moja la agroveti nikauziwa vidonge vya minyoo, na muuzaji akanihakikishia kwamba mbwa akikonda huwa ni minyoo tu. Kwa namna fulani alikuwa karibu na ukweli, lakini vidonge vile vinalenga minyoo ya utumbo, na huyu wa Malkia hakuwa utumboni.

Halafu likaja neno la kichaa cha mbwa. Jirani alimwona Malkia akidondokwa na ute, akamwambia mwenye ploti. Mwenye ploti akaja mlangoni, akasimama mbali. "Mama Brayo, mimi sina ubaya na wewe, lakini kuna watoto hapa." Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu. Mbwa wa barabarani, hajulikani kama alichanjwa, anatokwa na mate, hamezi vizuri: hata mimi ningekuwa na watoto wadogo ningeogopa. Ndipo mteja wangu mmoja, mchuuzi wa matumbo, akanielekeza Uthiru.

Kufika huko kwenyewe kuna kazi. Kondakta hapakii mbwa, na madereva wa teksi za simu wakimwona wanafuta safari. Nilikodi tuktuk ya mtu ninayemfahamu, tukapitia Naivasha Road.

Sasa niwaeleze vile daktari alivyofanya kazi, kwa sababu ndicho ninachokipima hapa.

Kabla hajamgusa Malkia alivaa glavu, na swali lake la kwanza lilinihusu mimi. Je, ameniuma? Amemuuma mtu yeyote? Nimeingiza mkono mdomoni mwake, nina kidonda mkononi? Aliuliza bila kunitisha na bila kunificha. Akanieleza kwamba mbwa asiyejulikana chanjo yake, mwenye shida ya kumeza, lazima kwanza afikiriwe hivyo, maana ugonjwa ule ukishaonyesha dalili kwa mtu hauna tiba. Akasema likitokea la kuumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze sindano. Halafu akapiga hesabu ya wiki ambazo Malkia alikuwa ameugua. Mbwa mwenye kichaa, akishaanza dalili, hufa ndani ya siku chache, kwa kawaida hazizidi 10. Huyu alikuwa anatembea, anakula, anatikisa mkia, na anarudisha chakula kwa muda mrefu kupita huo. "Sio hicho, Mama Malkia," akaniambia. Kenya ina mpango wa tangu 2014 wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na kwa vile daktari huyu anavyouliza maswali yake, unaona kwamba yeye kwa upande wake anaufuata. Aliniandikia karatasi nimpe mwenye ploti. Nilikuwa sijaiomba.

Kisha akauliza kama nina video. Ninayo, nilikuwa nimerekodi nikiwa nimekata tamaa ya kueleza kwa mdomo. Akaitazama, akairudia, akasimamisha pale Malkia anapoinamisha kichwa.

"Hiki chakula hakijafika tumboni," akasema. "Angalia mbavu, hazijakaza. Angalia rangi, hakuna manjano ya nyongo. Kimeishia kwenye umio, ule mrija wa kupitishia chakula, kikarudi."

Mtu mwingine angeona ni jambo dogo. Kwangu ulikuwa mlango. Wote waliotangulia walikuwa wanatibu tumbo.

Akampima joto, likawa la kawaida, nyuzi 38 na kitu. Akamfungua midomo akatazama ufizi, ulikuwa mweupe kiasi. Akapapasa shingo pale palipokuwa na waya, kidole kwa kidole, na kovu lote akalifuata. Akachukua damu kidogo akaitandaza kwenye kioo, kwa sababu ya homa ya kupe, ambayo mbwa wengi wa Nairobi wanaipata na inawakondesha vilevile. Haikuonekana. Akanitajia yaliyobaki: huenda kovu limebana umio kwa ndani, huenda mfupa umekwama, huenda umio umelegea na kupanuka, huenda kuna uvimbe. Akasema, "Sijui bado. Lakini najua pa kutazama." Halafu akauliza nilimtoa wapi. Nilipotaja kichinjio cha Dagoretti aliweka kalamu chini.

Kuna mnyoo unaoitwa Spirocerca lupi. Sikuwahi kuusikia, na nimekua na mbwa. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mbwa mgonjwa. Yule mdudu mweusi anayebiringisha mavi huyala, na funza wa mnyoo anakaa ndani ya mdudu. Mbwa akimla mdudu, au akila kuku, panya au mjusi aliyemla mdudu, funza anatoboa ukuta wa tumbo, anaingia kwenye mishipa ya damu, anapanda mpaka kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni, anakaa hapo miezi kadhaa, kisha anahamia kwenye umio uliopo karibu. Hapo anajijengea uvimbe, ndani yake wanaishi minyoo wekundu waliojikunja. Uvimbe ukikua, chakula hakipiti vizuri. Sasa fikiria Dagoretti: mavi ya ng'ombe kila mahali, wadudu wake, mbwa wanaozurura, na matumbo ya kuku mabichi wanayotupiwa. Malkia alikuwa ameupatia ugonjwa huo hapohapo, pengine miezi mingi kabla sijamjua.

Lakini hayo aliyaita dhana, na hakunitoza dawa kwa dhana. Akataka kinyesi. Alikikoroga kwenye maji mazito ya sukari, kwa sababu mayai haya ni mazito na kwenye maji mepesi hayaelei juu. Akatazama kwa hadubini muda mrefu, mimi nimekaa kwenye benchi nimeshika mkanda wa Malkia.

Hakuona kitu.

Nilihisi miguu imeisha. Nilikuwa nimeshaanza kuupenda ugonjwa ule kwa sababu tu una jina. Daktari akanieleza kwamba mnyoo huyu hatoi mayai kila siku, na tena uvimbe usipokuwa na tundu la kupitishia, hayatoki kabisa. Basi nilete kingine, na kingine, kila kimoja kwenye chombo safi chenye kifuniko, cha asubuhi, kisipigwe na jua. Hakunitoza tena kwa vipimo vya kurudia. Hiyo niliiona mwenyewe na ndiyo maana naiandika.

Siku mayai yalipoonekana aliniita nitazame. Inabidi ufumbe jicho moja. Mwanzoni naona viputo tu, viduara vya hewa. Kisha akasogeza kioo kidogo na pakatokea kitu kirefu chembamba, pande zote mbili zikiwa sambamba, ncha zimeviringana, kama kidonge, na ndani yake, kimejikunja, kiumbe chembamba. Basi ndicho. Ndicho kilichokuwa kinaniamsha usiku. Nililia, na msaidizi akanisogezea kiti bila kusema neno.

Eksirei kliniki hawana, na hiyo ni kasoro kubwa ya kwanza ninayowaandikia. Tulitumwa kituo kingine, mbali, na gharama ya usafiri ilikaribia ya picha yenyewe. Picha ilionyesha kivuli kati ya moyo na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na chini ya pingili za uti wa mgongo, eneo hilohilo, mfupa umeota vijinundu. Daktari aliiinua dhidi ya dirisha akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Vijinundu vile, akasema, ni alama ya njia aliyopita mnyoo, na vinaweza kubaki hata mbwa akipona.

Halafu akaniambia mabaya, na aliniambia nikiwa nimekaa. Uvimbe huu kwa baadhi ya mbwa hugeuka saratani. Mshipa mkuu uliodhoofishwa na funza unaweza kupasuka, na mbwa akafa ghafla bila dalili. Kujua hasa uvimbe umefikia wapi kunahitaji kamera ndogo ya kuingizwa kooni, na yeye hana. Alipiga simu mbele yangu kuulizia, tukapata gharama, nikasema hapana kwa sasa. Hakuninunia. Tukakubaliana tuanze dawa, tupige eksirei nyingine baadaye, tulinganishe.

Dawa yenyewe ni doramectin, ya ng'ombe, inadungwa chini ya ngozi kila baada ya wiki mbili. Kila mara anampima Malkia uzito upya kwenye mizani kabla ya kuvuta sindano, kwa sababu ni kiasi kidogo sana na kuzidisha ni hatari. Hapa nawaomba sana mnaosoma: msiende agroveti kununua chupa mkadunge wenyewe. Kuna mbwa, hasa wa ukoo wa collie na machotara wao, ambao miili yao haizuii dawa za aina hii kuingia kwenye ubongo, na zinaweza kuwaua. Na mitaani kwetu nani anajua mbwa wake ana damu ya nani?

Alinifundisha pia kumlisha. Bakuli limewekwa juu ya stuli, kichwa kiwe juu ya tumbo. Chakula laini, ugali mwepesi uliosagwa na maini yaliyoiva, kidogokidogo mara nyingi, na akimaliza nimshikilie asimame vivyo hivyo dakika kadhaa chakula kishuke. Hofu ya daktari ni chakula kupitia njia ya hewa na kuingia mapafuni. Matumbo ya kuku mabichi marufuku. Kinyesi naokota kila siku, nakitupa chooni, kusiwe na mdudu wa kukila. Mwenye ploti alipouliza kama mbwa wengine wataambukizwa nilimjibu mwenyewe: hawawezi kupata moja kwa moja kutoka kwake, lazima yai lipitie kwa yule mdudu. Akaniuliza mengi zaidi. Sasa akipita anamwita Malkia kwa jina.

Malkia leo anarudisha chakula mara chache, na ikitokea ni kidogo. Uzito unapanda kwenye mizani ya daktari, naandika kila unaposomwa. Mbavu zimeanza kujificha. Kumeza mate kule kwa usiku kumepungua sana. Eksirei ya pili bado, na mpaka tuione daktari hasemi amepona, nami sisemi.

Gharama, kwa sababu najua ndicho mnachosubiri: kumwona daktari nililipa shilingi 1,000, damu na kinyesi pamoja 1,500, na sindano hulipiwa kwa uzito wa mbwa. Eksirei kule kwingine ilikuwa 4,000. Kwa fundi wa cherehani si pesa kidogo. Daktari alinikubalia kulipa kwa awamu, akaandika kwenye daftari, hakunisumbua kwa simu hata mara moja. Nikijumlisha nilichompa mtu wa pikipiki na duka la vidonge, kingelipia eksirei na chenji ikabaki.

Kasoro nyingine. Mahali pa kungojea ni padogo na paka hukaa ubavuni mwa mbwa; Malkia ni mpole lakini nimeona vurugu, na paka mmoja alikimbilia chini ya meza ikabidi sote tutafute. Waweke hata pazia. Jumapili wamefunga na hakuna namba ya dharura, na hilo linanitia wasiwasi kwa mbwa ambaye nimeambiwa mshipa wake ni dhaifu. Nimemwambia daktari, akasema anajua, na kwamba peke yake hawezi. Simu wakati mwingine haipokelewi saa nzima, wako kwenye upasuaji. Tuma ujumbe, atakujibu jioni.

Vyeti vyake vimetundikwa ukutani pamoja na usajili wa Kenya Veterinary Board, yaani bodi ya madaktari wa mifugo, karibu na mlango, unaweza kuvisoma ukingoja. Tangu sheria ya 2011, daktari wa mifugo na hata msaidizi wa kitaalamu wanatakiwa kusajiliwa, basi una haki ya kuuliza, hata yule anayekuja kwa pikipiki.

Ukienda, nenda siku ya katikati ya wiki, kabla ya saa nne asubuhi. Beba video ya kile kinachokusumbua, ukirekodi mwili mzima wa mbwa, sio kinachoanguka sakafuni tu. Beba kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye chombo chenye kifuniko. Na akikuuliza mbwa ulimtoa wapi, mwambie mpaka mtaa.